Nilivyolipwa baada ya kuanguka mjengo na sikuwa na kontrakti

Mimi ni fundi wa plasta hapa Nairobi. Mwaka jana nilianguka kutoka floo ya pili, skafoldi ilikuwa ya miti, misumari ni ile ya zamani ilinyooshwa ikatumiwa tena, ubao ukang'oka nikaenda nao na mguu ukavunjika juu ya kifundo. Mkanda wa usalama hakuna, helmeti hakuna.

Nikiwa bado hospitali foramen akaja na elfu tano na karatasi nisaini ati sina madai mengine. Mke wangu akasema usiguse hiyo kalamu. Sikuigusa.

Bosi naye akaanza kusema mimi si mtu wake, mimi ni kibarua tu. Sasa hapa ndio wengi wetu tunaonewa, kwa sababu sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, inakubali hata mkataba wa mdomo, na huhitaji kuthibitisha bosi ndiye alikosea, ukiumia ukiwa kwa kazi yake analipa, labda aonyeshe ulifanya makusudi. Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa moja, kuonyesha nilikuwa nafanya kazi pale. Nikatoa statimenti ya M-Pesa, kila Jumamosi pesa inatoka kwa foramen, nikatoa na picha za kazi tulizotumiana WhatsApp, na mafundi wawili wakaandika walichoona. Hao nitawashukuru maisha yangu yote, mmoja hakuitwa tena kazi kwa sababu hiyo.

Nikapeleka kila kitu ofisi ya DOSHS, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Bosi alitakiwa aripoti ndani ya siku 7, hakuripoti, wakamwandikia wao. Daktari akanipima akaandika ulemavu wa asilimia 10. Hesabu yake ni hivi: ukilemaa kabisa ni mshahara wa miezi 96, ukilemaa kiasi unapata asilimia yako ya hiyo, na mimi nilikuwa napata 26,000 kwa mwezi, ikatoka 249,600. Kuna wakili alitaka twende kotini moja kwa moja, lakini Mahakama ya Upeo ilishaamua 2019 kwamba WIBA iko sawa, kesi hizi zinaanza kwa dairekta wa DOSHS. Na usikae, una miezi 12 ya kudai.

Hiyo pesa ilikawia lakini iliingia. Mshahara wa ile miezi nilikuwa nimelala nyumbani bado, nao ni haki yangu kwa sheria hiyo hiyo, naufuatilia.