Siku yangu moja gereji: Impreza ya zamani inavuliwa dram nyuma inavalishwa diski

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika gereji, Kimara hapa, dogo bado hajafika na mi napenda hivyo, ile nusu saa ya kimya kabla grainda za jirani hazijaanza ndo napanga kichwa. Leo kazi ni moja tu ila ya kushinda nayo. Subaru Impreza wagon ya 1998, cc 1500, four wheel, haina ABS (ule mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukikanyaga breki), nyuma ina dram, yaani breki za sufuria ambazo viatu vinabana kwa ndani, sio diski inayobanwa kwa nje na kalipa. Mwenye gari kanunua rimu mpya zenye matundu makubwa, sasa anasema mtu akipita anaona mbele diski nyuma masufuria, anajisikia vibaya 😂 Nilimwambia toka mwanzo, boss, hizo dram nikikuwekea viatu vipya na zile silinda ndogo za ndani zitakusimamisha vizuri tu, mbele ndo kuna kazi kubwa maana ukikanyaga breki uzito mwingi wa gari unalalia mbele. Akasema fundi we funga diski. Haya.

Saa 1 na nusu boss anashusha mzigo wake kutoka Shauri Moyo, Ilala. Vyuma vyote viwili vya nyuma vinavyoshika gurudumu, vikiwa na habu (kile kitovu tairi linapofungwa) na beringi zake, diski za milimita 266, kalipa za pistoni moja moja, na valvu ya kupima presha ya breki za nyuma niliyomwagiza wiki iliyopita. Hapo nikampa tano, maana wengi wananunua diski na kalipa tu wanadhani basi. Kwenye hizi Subaru lile bati la nyuma la dram limekaa nyuma ya habu, na habu imeshindiliwa ndani ya beringi, ukiivuta kwa pula mara nyingi beringi ndo imeenda, kwa hiyo bora ubadilishe chuma kizima na habu yake.

Nageuza geuza mzigo, waya za handbreki ziko wapi? Hakuna. Boss ananiangalia, "fundi mi niliambiwa full seti." Full seti ya Ilala bwana ni full ya muuzaji. Ndani ya ile diski pale katikati kuna kidram kidogo na viatu vyake, kazi yake handbreki peke yake, na waya wake sio ule wa dram kubwa, ncha zake haziingiliani kabisa. Nimeshaona gari mtaani ina diski nne na haina handbreki, mwenye gari anatembea na tofali kwenye buti. Dogo ndo anaingia hata chai hajanywa, nikapiga picha ya kile kidram aende nayo akatafute waya, akarudi kituoni kupanda mwendokasi ya Kariakoo.

Saa 2 na nusu nalegeza nati kubwa za ekseli, spana namba 32, gari ikiwa bado chini, boss amekaa ndani kakanyaga breki. Ukishaipandisha hewani ndo uanze kupigana na nati hiyo utaiangusha. Jeki, stendi mbili, tairi nje. Dram zimeng'ang'ania lakini zina matundu mawili ya bolti ya mili nane, unakaza kidogo huku kidogo kule inajisukuma yenyewe. Vumbi la ndani silipulizi na kompresa hata siku moja, viatu vya zamani vingine vilitengenezwa na asbesto, hiyo kitu ikikaa kwenye mapafu haitoki. Namwagia maji na sabuni basi.

Sasa saa 3 mpaka saa 6, saa tatu nzima, nilikuwa na bolti MOJA. Kwenye hizi gari kuna bolti ndefu inapita chini ya kile chuma cha habu inashika mikono ya pembeni ya sespensheni, na anayezijua Subaru ameshacheka. Kushoto ilitoka kama imepakwa siagi. Kulia nati imetoka safi, bolti yenyewe haisogei. Kutu imeishika na bomba la ndani la bushi, na hii gari nahisi kule Japan ilikuwa upande wa theluji wanakomwaga chumvi barabarani, halafu imekuja kumalizia na hewa ya bahari ya Dar. Nikamwaga mafuta ya kutu, nikangoja. Nikagonga, nikarudisha nati kidogo ili nisiharibu meno, nikagonga tena, ncha ikaanza kuchanua kama uyoga. Jirani akaja na gesi, nikamkatalia, tanki la mafuta liko pale pale juu. Mwisho nikaingiza blade ya grainda katikati ya mkono na chuma nikaikata vipande, na hapo umeme ukakatika nikiwa nimebakiza kidogo, nikamalizia na msumeno wa mkono natukana kimoyomoyo. Nikampigia dogo aongeze bolti ndefu na bushi kwenye orodha. Boss aliyekuwa anauliza "fundi saa ngapi inaisha" kila dakika kumi akaona jasho langu akanyamaza.

Saa 7 wali maharage. Dogo karudi na kila kitu, waya zenyewe, nikamsifu.

Saa 8 kufunga, hapa hakuna stori nyingi, kitu kikishatoka kuingia ni rahisi. Hozi nikaweka za diski na washa mpya za kopa, zile za zamani zikirudiwa zinavuja. Bushi na bolti mpya nikazipaka grisi, fundi atakayekuja baada yangu atanishukuru. Nikamwachia dogo kalipa nikaenda mbele kufunga valvu kwenye mabomba yanayotoka masta silinda.

Hiyo valvu ndo roho ya kazi, diski ni sura tu. Dram inajisaidia yenyewe, gurudumu likizunguka linavuta kiatu kizidi kubana, kwa hiyo presha kidogo inatosha. Diski haina huo msaada, inataka kubanwa kweli. Valvu iliyopimwa kwa dram haijui kama umeweka diski, presha ikiwa ndogo umefunga mapambo, ikizidi nyuma inafunga kwanza na gari inageuka inaangalia ilikotoka.

Saa 10 kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Dogo anakanyaga, mi nafungua, mafuta ya breki mapya ya DOT 3, chupa ya kwanza imeisha pedo bado linazama kama godoro. Chupa ya pili nusu, godoro. Nikaanza kuisingizia masta silinda ya watu. Kulala chini na tochi, naona kichuchu cha kutolea upepo kiko CHINI ya kalipa. Dogo kafunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia! Upepo unakaa juu, tungekanyaga mpaka kesho. Akasema "samahani bro," nikamwambia sio samahani, fungua. Ila kosa langu pia, sikukagua. Zilipokaa sawa pedo likasimama juu gumu kama jiwe.

Saa 12 jioni majaribio. Kwanza handbreki kwenye kile kilima cha kuingia mtaani, ilishuka taratibu kama nta 😅 nikarudi, nikazungusha kile kirekebisho kupitia tundu la diski mpaka viatu vinagusa, nikarudisha meno machache. Mara ya pili imeganda. Halafu barabara ya vumbi isiyo na watu, spidi ndogo, nakanyaga ghafla dogo amesimama pembeni anaangalia tairi. Mbele zikafunga kwanza, nyuma zikafuata kwa mbali, gari imenyooka. Pedi mpya nikazizoesha kwa kushusha spidi kutoka 60 hadi 20 mara kama kumi bila kusimama kabisa.

Boss akaendesha mwenyewe, akarudi nikamuuliza umeona tofauti ya kusimama? Akafikiria. "Kidogo fundi." Halafu akachuchumaa nyuma na simu kupiga picha diski kupitia kwenye rimu, mwanga ukawa hautoshi, akaniomba nimshikie tochi.