Gitaa linaifuata ilimba: kumbukumbu ya albamu ya nyimbo 9

Hali ilivyo leo: nyimbo 9, jumla dakika 33. Gitaa na ilimba, ala ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole, vimeshaingia kwenye zote, sauti ya mwimbaji kwenye 8, miksi zilizokamilika ni 5. Hakuna biti ya kompyuta hata moja. Mwimbaji ni mtunzi wa nyimbo zake, hana lebo wala meneja, na timu ya msingi ni watu watatu: yeye, mpiga ilimba, na anayekaa kwenye kompyuta. Studio ni chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12, Sinza.

JUNI: CHUMBA NA KELELE

Kazi ilipangwa ianze baada ya masika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bati: mvua ikinyesha juu ya bati hakuna maiki itakayookoa kitu. Ya pili ni gitaa. Gitaa la mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Aprili hapa Dar unyevu hupita 80 bila taabu. Ubao wa mbele huvimba, daraja linaloshikilia nyuzi hupanda nao, nyuzi zinakaa juu, na ukibana freti za mbali sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Watu hukimbilia kusaga daraja. Kusi likivuma mbao inanywea, na daraja lililosagwa linaacha nyuzi zikigonga freti. Usisage kitu wakati wa masika. Gitaa likae kwenye kesi, ndani vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, 10 au 12, na kipimo kidogo cha unyevu pembeni.

Chumba chenyewe ni tofali za sementi, plasta na vigae. Piga kofi katikati, linarudi likilia kama waya. Kosa la kawaida ni kutundika khanga, mapazia na trei za mayai. Vitu vyembamba vinameza sauti za juu tu; za kati na za chini zinabaki zikizunguka, na mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Unene ndio unaofanya kazi. Tulinunua magodoro ya usumba yaliyotumika, tukayakata kujaza fremu 6 za mbao, kila moja futi 4 kwa 2, unene sentimita 10, zikafunikwa kwa kitambaa kinachopitisha pumzi. Kipimo: ukiweza kuvuta hewa kupitia kitambaa, na sauti itapita. Fremu haziegemei ukuta, zinakaa sentimita 10 mbele yake. Nafasi hiyo ya bure inashusha uwezo wa kumeza kutoka kwenye takribani Hz 870 hadi kwenye Hz 435, na hapo ndipo sauti ya mwimbaji na gitaa zinapogombana. Usumba uanikwe juani siku mbili kwanza. Unyevu ni sababu mojawapo, kunguni ni sababu kubwa zaidi.

Kelele haizuiliki, inakwepwa. Mchana kuna bodaboda, fundi wa kuchomelea, muuza maji na tangazo la kila kitu. Jioni kuna baa. Muda unaofaa ni saa nane usiku hadi saa kumi na nusu. Baada ya hapo misikiti inaamka, kisha jogoo, kisha daladala. Saa mbili na nusu hizo zinatosha wimbo mmoja, hazitoshi miwili. Feni inazimwa, kwa hiyo vipande vya dakika 30, mlango unafunguliwa dakika 10, mnarudi. Chandarua kinashushwa juu ya mpigaji na maiki pamoja. Si mzaha: mbu akipita karibu na maiki ya kondensa anasikika vizuri kuliko kiitikio.

Mvumo wa umeme ulimalizwa kwa kuchomoa chaja. Nyumba nyingi hazina ethi (waya wa ardhini) ya kueleweka, na chaja ya laptopu inaleta mvumo wa Hz 50 na ndugu zake 100 na 150. Laptopu ikiwa kwenye betri pamoja na kadi ya sauti ya USB, tunapata kama saa 2 na dakika 20, ambazo ndizo tunazohitaji. Faida nyingine: umeme ukikatika katikati ya wimbo, mnaendelea kupiga gizani.

JULAI: KUTYUNI

Hapa ndipo mradi ulipokaa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na ndipo unapotofautiana na nyimbo nyingi za gitaa zinazorekodiwa mjini.

Ilimba ni ya Wagogo wa Dodoma. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefanya kazi miaka mingi Bagamoyo, ndiye aliyeifikisha kwenye masikio ya dunia. Vyuma vyake havijapangwa kwa nusu toni sawasawa kama freti za gitaa. Vinafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja nene: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Kwa senti, yaani nusu toni moja ikigawanywa mara 100, sauti ya tano iko senti 14 chini ya ile ya gitaa, na ya saba iko senti 31 chini. Ya sita inapishana kwa senti 2 tu, ya tisa kwa 4, hizo hazisumbui.

Ukipiga kodi ya kawaida ya gitaa, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, juu ya ilimba, kila mtu anasikia kuna kitu kimekosea bila kujua ni nini. Ni hivi. Mzizi wa ilimba yetu, yaani sauti yake ya msingi, tuliupima ukawa Hz 203. Sauti yake ya saba inaangukia Hz 355. Gitaa lililotyuniwa kwenye mzizi huohuo litatoa Hz 362 mahali hapo. Zikilia pamoja zinapigana mara 6 au 7 kwa sekunde, na huo mtetemo unasikika kama maiki mbovu. Kwenye sauti ya tano tofauti ni Hz 2, mawimbi ya polepole, wengine wanayapenda.

Njia nyepesi ni kuilazimisha ilimba ifuate gitaa. Chuma ukikisukuma ndani kiwe kifupi, sauti inapanda. Ukikivuta nje, inashuka. Inawezekana kwa jioni moja, na ukimaliza unakuwa na piano ndogo ya chuma. Tuliamua kinyume: gitaa ndilo linafuata.

Hz 203 iko katikati ya G (196) na G kali (207.65), iko senti 39 chini ya hiyo ya pili. Kwa hiyo tyuna ya simu inawekwa A = 430 badala ya 440, gitaa lote linashushwa kwa kipimo hicho, kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) inabanwa freti ya 1, na mpigaji anapiga maumbo ya G kama kawaida. Baada ya kubana kapo tyuni tena, kwa sababu inavuta nyuzi nene juu kwa senti 5 hadi 10 ikikaa mbali na freti au ikibana kupita kiasi.

Halafu kodi zenyewe. Gitaa haligusi sauti ya tano wala ya saba popote ilimba inapolia. Linabaki na mzizi, ya sita, na ya tisa: kodi zilizo wazi, bila kicheko wala huzuni. Furaha na majonzi vimeachiwa vyuma na mwimbaji. Nyimbo 4 zilibidi zipangwe upya, na mojawapo ilipoteza daraja lake lote, ile sehemu ya kati ya wimbo. Ilikuwa halali yake.

Kupima chuma kwa tyuna ya simu kuna mtego. Ilimba ina matundu madogo kwenye ubao, yamezibwa kwa utando wa buibui, na ndio unaotoa ule mkwaruzo unaoifanya ilimba iwe ilimba. Tyuna inachanganyikiwa na mkwaruzo huo. Ziba matundu kwa vidole, donoa chuma kwenye ncha, subiri mlio wa kwanza upite, ndipo usome. Chuma kilichopanda kidogo kinashushwa kwa nta ya nyuki, punje kama ya mtama, chini ya ncha. Usikimbilie tupa: ukisaga ncha kinapanda, ukisaga karibu na shina kinashuka, na hakuna kurudi.

Utando ulipasuka mara mbili, zote kwa upepo wa feni wakati wa mapumziko. Wa akiba ulikuwepo. Karatasi nyembamba ya kusokotea sigara inafanya kazi pia, ila mkwaruzo wake ni mkavu. Maiki ilikaa sentimita 25 kutoka kwenye ubao, kwa pembeni. Ikielekezwa tunduni moja kwa moja mkwaruzo unafunika wimbo. Anayemiksi ambaye hajawahi kukutana na ilimba atadhani spika imechanika na atataka kuusafisha. Aambiwe mapema.

AGOSTI: SAUTI

Fupi. Maiki ya kondensa ilirudishwa kwa mwenyewe baada ya usiku mmoja. Inasikia hadi geti la nyumba ya tatu. Badala yake ni Shure SM58, maiki ya jukwaani, sentimita 10 kutoka mdomoni, na kichujio kinachokata kilicho chini ya Hz 90. Magodoro mawili nyuma ya mwimbaji, si mbele, kwa kuwa maiki inaangalia kule nyuma yake.

Programu ya kunyoosha sauti imezimwa kabisa. Mwimbaji akifuata ilimba vizuri, programu itaona amekosea kwa senti 14 au 31 na itamsogeza, na hapo kazi yote ya Julai inafutwa kwa kubofya mara moja. Kwa atakayetaka kuitumia, nyingi zinaruhusu kuandika skeli yako mwenyewe: shusha hizo mbili kwa senti hizo, zilizobaki ziache.

Mafaili ni biti 24 kwa kHz 48, karibu MB 8.6 kwa dakika kwa kila maiki. Nakala tatu: laptopu, diski ya nje, na diski ya pili inayolala nyumba nyingine.

SEPTEMBA: MIKSI

Msikilizaji wa kwanza hapa mjini ni spika ya simu, wa pili ni spika ya bluetooth ya dukani, wa tatu ni daladala. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 250 hivi, na mzizi wa ilimba uko 203. Kuongeza besi hakusaidii, kunaleta mkoromo tu. Tuliongeza uchafu kidogo wa sauti kwenye vyuma vizito ili sauti zao za juu zionekane; sikio linajaza mzizi lenyewe. Kila miksi inasikilizwa kwa spika moja kabla ya kwenda kwenye mbili.

Ujazo: LUFS -14 (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti), kilele dBTP -1 (kipimo cha sehemu ya juu kabisa). Spotify na YouTube zinashusha kinachozidi hapo, kwa hiyo kubana nyimbo hadi -8 ni kupoteza uhai wa ilimba bure. Miksi za kuonjana zinatumwa WhatsApp kama dokumenti, kamwe si kama voisi.

KARATASI

Mgawo wa utunzi uliandikwa na kusainiwa kabla ya miksi ya kwanza, wimbo kwa wimbo, kwa asilimia. Mwimbaji ana 100 kwenye nyimbo 5. Kwenye 4 zilizobaki mpiga ilimba ana 30, kwa kuwa mistari ya vyuma ndiyo iliyozaa melodia. Haki ya rekodi ni karatasi nyingine, msichanganye. Usajili wa msanii unafanyika BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), wa kazi zenyewe COSOTA (ofisi ya hakimiliki), chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Kila rekodi inapata ISRC, namba yake ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12. Msambazaji wa mtandaoni hukupa bure. Iandike daftarini siku hiyohiyo: ukihama msambazaji ukapewa namba mpya, idadi ya waliosikiliza inaanza sifuri.

KUACHIA

Mpango ni singo 3 kwanza, wiki 5 baina ya moja na nyingine, halafu albamu ikiwa na singo hizo ndani kwa ISRC zilezile. Tangu 2024 Spotify hailipi rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, hivyo kumwaga nyimbo 9 kwa mkupuo kwa msanii anayechipukia ni kuziua 6. Jalada pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za mitandao. Vitu hivyo hukataliwa. Wimbo ufike kwa msambazaji wiki 4 kabla. Ombi la pleilisti za Spotify linataka angalau siku 7, nasi tumepanga 21. Boomplay na Audiomack zinapewa uzito uleule, maana huko ndiko wasikilizaji wengi wa hapa waliko.

JUKWAA

Pikapu, yaani kinasa mtetemo cha kubandika kwenye ilimba, ilitoa sauti ya bati tupu. Tatizo ni mlango wa mikisa: pikapu hizo zinataka ukinzani wa megaomu 1, mikisa inatoa kiloomu 10, besi inakufa njiani. Kisanduku cha priampu (kikuza sauti kidogo) kikawekwa katikati, besi ikapona. Majaribio mawili yajayo ni ya watu 40, bila ngoma. Kwa lengo la Nafasi Art Space, Mikocheni, na baadaye maombi ya tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar, ambako kila kitu lazima kipigwe mubashara, onyesho la dakika 45 linahitaji gitaa la pili lililokwisha kutyuniwa 430 kavu; kushusha gitaa moja mbele ya watu kunakula dakika 3 na utani wote.

Sauti zilizobaki kurekodiwa: wimbo wa 7. Kiitikio chake kinakaa juu ya sauti ya saba, na waimbaji wawili wa kuitikia, waliokulia kwenye kinanda cha kwaya, wanaipandisha kila mara. Jumatano wanarudia bila gitaa kwenye hedifoni, vyuma peke yake, saa nane usiku.