Shati la kola halitakualika tena gofu

Nilipoanza gofu pale Lugalo, Dar es Salaam, nilipewa ushauri wa bure na mkongwe mmoja wa ofisini. Vaa shati lenye kola, chomekea, usiongee mwenzio anapopiga, ukiharibu omba radhi. Basi nikaomba radhi kweli. Mpira umeenda vichakani, samahani. Fimbo imechimba udongo, samahanini jamani. Mzee niliyepangwa naye alivumilia mpaka shimo la nne, akaniambia, "Kijana, samahani zako zinatuchelewesha kuliko hiyo mipira. Piga, tutembee."

Maana kupiga ovyo kunasameheka, tuko wengi. Kinachoudhi ni kuliweka kundi la nyuma juani, mikono kiunoni, huku wewe unajaribu fimbo hewani mara ya tano.

Aliyeniokoa ni kedi, yule anayekubebea begi la fimbo. Alinikataza kuinamisha kichwa kwa aibu mpira ukienda kombo. Ufuate kwa macho mpaka utue, shika alama pale, hata tawi lililokauka, kisha nyooka nalo. Tangu 2019 sheria inakupa dakika 3 za kutafuta mpira, zamani zilikuwa 5. Ukihisi umepotea, piga wa akiba kabla hujaondoka, lakini utangaze kuwa ni wa akiba. Usipotangaza, huo wa pili ndio unaohesabiwa. Begi tunaliweka upande wa kutokea kwenda shimo linalofuata, na kadi ya matokeo tunaijaza hukohuko mbele, si katikati ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Tukicheza kwa pointi na shimo limeshanishinda, naokota mpira wangu natulia.

Lakini ninachoringia mimi ni kauma kangu. Ni kitu cha bei ya soda mbili tatu. Mpira ukidondoka grini kutoka juu huacha kishimo, na yule mkongwe alinifundisha kuchoma uma chini yake na kunyanyua udongo. Nikawa nanyanyua kwa madaha, nasawazisha na soli ya kiatu, naondoka kifua mbele. Siku moja kedi akashindwa kuvumilia. Akapiga goti. "Bosi, hapo unakata mizizi. Wiki ijayo utakuta doa limekauka." Akachoma uma nje ya ukingo wa kishimo, akausukuma kuelekea katikati, akahamia upande wa pili, akazunguka hivyo mpaka nyasi zikakutana. Akamalizia kwa kugonga taratibu na fimbo ya kusukumia. Nikapapasa, sikuona palipokuwa na shimo. Siku hizi natengeneza changu na kingine nilichokikuta. Wazee hawasemi kitu, ila simu za kunialika zinaingia.

Jioni angalia kivuli chako, kinarefuka kama mnazi na kuangukia njia ya mpira wa mwenzio. Kwenye bunka, lile shimo la mchanga, ingia upande ulio chini, toka na reki mkononi. Na habari ya ukimya ina mwisho wake: mpira ukielekea kwa watu, piga ukelele wa "foo!" kwa mapafu yote, usingoje kuona kama utawafikia. Ule mpira ni mgumu, unapasua kichwa.

Kedi mlipe kabla hujaingia baa. Ukianza na bia, yeye anakusubiri getini na daladala zinapungua.