Malori ya jeshi kuwa maboza ya zimamoto, na ule ubishi wa tenki kubwa

Watu nyumbani wakisikia zimamoto ya Marekani wanawaza yale magari mekundu ya kwenye sinema, yanang'aa, watu wana mishahara na nyumba ya kulala kazini. Njoo huku kaskazini mwa Texas, toka Amarillo kidogo tu uone. Zimamoto huku ni mkulima, mwalimu, kijana wa gereji, simu ikilia wanaacha walichokuwa wanafanya na wanaondoka, na hawalipwi hata senti. Nchi nzima kwa hesabu za 2020 ilikuwa na wazimamoto kama milioni moja na elfu arobaini, na karibu 677,000 kati yao ni wa kujitolea. Sasa hawa wa vijijini mfuko wao ni michango na kuuza nyama choma wikendi, gari jipya la zimamoto ni mamia ya maelfu ya dola, watalitoa wapi?

Wanalitoa jeshini. Jeshi likimaliza na lori, serikali ina mipango miwili inayopitia US Forest Service, idara ya misitu ya serikali kuu, halafu kwa idara ya misitu ya kila jimbo, huku kwetu ni Texas A&M Forest Service. Mpango wa zamani unakukopesha tu, lori linabaki mali ya serikali, huuzi wala hukati chuma chake, siku ukilichoka unarudisha. Mpango mpya zaidi unakupa na kadi kabisa, ila lazima ulifanyie matengenezo liingie kazini ndani ya muda waliokupa ndo linakuwa lako. Rangi ya jeshi inatoka, hiyo haina mjadala. Mwaka 2014 katikati hapo wizara ya ulinzi ikataka kusimamisha mipango hii kisa moshi, eti injini za jeshi hazifikii viwango vya hewa, majimbo yakapiga kelele wiki kadhaa wakarudi nyuma. Mimi nacheka kila nikikumbuka, lori linaloenda kuzima moto wa nyika unalipima moshi.

Basi mimi kazi yangu ni malori na nasaidiaga kikosi kimoja cha jirani kwenye haya mageuzi, na kitu kimoja nimekiona kila mahali: lori likifika tu ubishi unaanza, tuweke tenki la lita ngapi. Na kila mtu anataka kubwa! Nawaelewa, huku porini hamna yale mabomba ya zimamoto ya barabarani, maji unayofika nayo ndo uliyonayo. Ila maji yana uzito jamani. Galoni elfu moja ni kama lita 3,785, yaani tani 3.8 za maji matupu kabla hujaweka tenki lenyewe, pampu, mipira na watu wawili mbele.

Chukua M923, ile sita-kwa-sita, ekseli zote tatu zinavuta, wanayoiita ya tani tano. Hizo tano ni za porini, na ni tani za kimarekani, ukipiga kwa kilo ni kama 4,500. Kwenye lami inaruhusiwa mara mbili yake, na hapo ndo watu wanapojidanganya, wanapiga hesabu ya lami halafu lori linaenda kukimbizana na moto kwenye majani na mashimo. Galoni elfu na tenki la chuma, umeshamaliza uwezo wake wa porini. Ile ndogo ya tani mbili na nusu, M35, ndo usiseme, galoni mia tano tu inatosha na unaomba Mungu, maana nyingi breki zake ni za laini moja, ikivuja mahali umekosa zote.

Na sio uzito peke yake, ni yale maji yanavyotembea. Tenki likiwa nusu halina kuta za ndani za kuyagawa, ukikata kona maji yote yanahamia upande mmoja yanalisukuma lori, na lori la jeshi tayari liko juu. Serikali ilitoa ripoti 2003 kuhusu maboza haya ya zimamoto, wazimamoto waliokufa kwenye ajali za maboza walikuwa wengi kuliko wa magari ya pampu na ya ngazi ukiyajumlisha. Halafu dereva mwenyewe ni kijana wa kujitolea aliyezoea pikapu, majimbo yanaruhusiwa kuwasamehe leseni ya malori makubwa. Afadhali tenki dogo la plastiki ngumu lililokaa chini lenye kuta za kutosha, ukienda kujaza mara mbili si unarudi mzima.

Pampu nayo tunaipa injini yake yenyewe, isitegemee injini ya lori, ili dereva atembee polepole pembeni ya moto huku maji yanatoka. Moto wa majani haukusubiri upaki. Mwaka 2024 ule wa Smokehouse Creek ulikula zaidi ya eka milioni moja huku kwetu na ule upepo, anayesimama kuvuta mpira anaachwa.

Umeme sasa. Malori haya ni volti 24, redio na taa za zimamoto ni 12, na fundi yeyote wa gereji za Gerezani, Dar, anajua ule mchezo wa kuchomoa 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Kumbe na wazungu wanaufanya! Betri moja inachoka nyingine inachemka, baada ya muda lori haliwaki na ndo moto umeita. Wekeni konveta, kile kifaa cha kushusha 24 iwe 12, sio bei ya kuuza ng'ombe.

Hili tulilonalo sasa hivi ni M923, nimewaambia galoni 750 basi, mzee mmoja hataki kunielewa bado anataka 1,200. Nimemwambia tulipeleke kwenye mizani likiwa tupu kwanza, na kila ekseli tuipime peke yake, tukishaona namba zake ndo tuagize tenki. Amekubali mizani, tenki tutabishana tena.