Maonyo Mawili, Mstari Mmoja

Kijana anayejifunza nasi aliniuliza juzi kwa nini, programu inapotoa onyo, mimi hutazama jina la faili na namba ya mstari kabla ya kusoma ujumbe wenyewe. Swali lake lilinirudisha Himbi, hapa Goma, jioni moja ya mwaka 2023, nilipopitia marekebisho ya dada yetu mdogo.

Hitilafu ilikuwa katika sehemu ya kujaribia maonyo ya maktaba yetu ya Python, yaani mkusanyo wetu wa msimbo katika lugha hiyo ya programu, ile inayosoma vipimo vya Ziwa Kivu. Funksheni yetu ilikusanya maonyo yote yaliyotolewa ndani ya jaribio, ikatafuta lile lililotarajiwa, na ikilipata ililipitisha jaribio. Yaliyobaki yalipotea bila mtu kujua. Hata pytest, zana ya kuendeshea majaribio ya Python, ilikuwa na tabia hiyo, hadi toleo la 8.0 la mwaka 2024 lilipoanza kuyatoa tena maonyo yasiyolingana na lililotarajiwa. Dada alikuwa ameandika suluhisho la kuyatoa tena vivyo hivyo, mistari michache na safi, na majaribio yote yalipita.

Hata hivyo, sikuweza kuliidhinisha mara moja. Niliandika jaribio dogo ambamo faili la joto la maji na faili la gesi yalitoa onyo lenye maneno yaleyale, kwamba thamani imepita mpaka wa kipimo. Nilitarajia maonyo mawili. Lilitoka moja, tena likidai kuwa limetoka katika faili letu la majaribio, kwenye mstari uleule wa marekebisho. Niliendesha tena, nikasoma namba ile polepole, na ndipo nilipoelewa: ili kuyatoa tena maonyo alikuwa ametumia warn, funksheni ya Python ya kutoa onyo, ambayo hurekodi mahali ilipoitwa, na kwa kichujio cha maonyo kiitwacho "default" Python huonyesha mara moja tu onyo lenye maneno, aina na mstari uleule. Onyo la gesi, ambalo kwa ziwa letu si jambo dogo, lilikuwa limemezwa na la joto.

Nilimpigia simu.

"Yaya, lakini onyo si limetoka?"

"Limetoka, dada. La gesi liko wapi?"

Alinyamaza, kisha akasema angetumia warn_explicit, ambayo hupokea faili na mstari wa asili vilivyohifadhiwa katika kila onyo. Alibadilisha usiku uleule, akaliongeza jaribio langu, nami nikaidhinisha kwa furaha.

Baada ya toleo kutoka, wenzetu waliokuwa wameamuru kila onyo lihesabiwe kuwa kosa waliona majaribio yao yakianguka, na baadhi yao wakatuomba turudishe hali ya zamani. Hatukurudisha. Naamini maonyo yale yalistahili kusikika. Nisilolijua hadi leo ni kama tungewapa kwanza muda wa kujitayarisha, au kama muda huo ungekuwa njia nyingine ya kuendelea kuyaficha.