Nilivyopima paini kwa kijiti, broka akashusha bei

Sisi wauza mbao wa Gikomba tumezoea kununua paini zikiwa bado zimesimama, kwa kuamini macho ya broka. Anatazama juu, anakohoa, anatamka futi, nawe unatoa pesa. Safari hii nilikataa.

Ushauri niliopewa ulikuwa vioja. Mjuaji mmoja alisema nipime kivuli: simika fimbo ya mita moja, linganisha kivuli chake na cha mti. Kwa nguzo ya stima hapa Kayole hesabu inakubali. Sasa ipeleke kwenye shamba la paini kule Uplands, ukungu umetanda. Kivuli kiko wapi? Na jua lilipochomoza, vivuli vililaliana, ncha hii hujui ni ya mti gani. Nilimpigia simu anifundishe kupima kivuli cha ukungu. Akakata.

Kilichonifaa ni kijiti. Kiwe na urefu sawa na kutoka jicho hadi ngumi, mkono ukiwa umenyooka. Kishike wima, urudi nyuma mpaka ngumi ifunike kitako cha mti na ncha ya kijiti iguse kilele. Kutoka jicho lako hadi kitako, huo ndio urefu. Hata kwenye mteremko kinafanya kazi, mradi utepe uufuate mteremko wenyewe.

Lakini siamini kitu bila kukijaribu. Nilipanda juu ya ghorofa la ploti yetu, pale kwenye kamba za nguo, nikateremsha uzi wenye jiwe hadi chini: mita 16 na nusu. Nikashuka, nikavuka barabara na kijiti: 16. Watoto walinifuata wakiniita sorveya, na mama wa kibanda akauliza kwa hofu, "Baba, wanatubomolea lini?"

Unene ni rahisi: zungushia utepe shina kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko, ugawanye kwa 3.14. Mti wa mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha 30, yaani uso wa mkato wa mita mraba 0.07. Ukiwa na urefu wa mita 20, broka anazidisha tu na kupata mita za ujazo 1.4. Jamani, paini si bomba! Inachongoka kwenda juu, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.45 hivi. Inabaki 0.63. Ile nyingine ni hewa, na hewa tumeinunua miaka mingi.

Mita moja ya ujazo ingetoa futi 635 za mbao za inchi mbili kwa nne kama msumeno haungekula kitu. Msumeno wa injini unakula sana. Mimi huhesabu chini ya nusu.

Huna haja ya kupima shamba zima. Kata kamba ya mita 11.28, ncha moja ibaki katikati, zunguka na ya pili: duara hilo ni mita mraba 400, karibu sehemu ya kumi ya ekari. Pima miti iliyomo, zidisha kwa kumi upate ya ekari moja. Fanya maduara kadhaa, na usikubali yawe ukingoni. Miti ya ukingoni hupata mwanga mwingi, hunenepa na kujaa matawi, na ndiko broka anakokupeleka kwanza.

Vifaa vyote havikufika elfu mbili. Bei ilishuka kwa kiasi cha kulipa lori na zaidi. Broka alikikagua kijiti changu, akakirudisha, akaomba pesa ya chai.