Presha ya ujauzito haiishii wodi ya wazazi

Sisi wakunga tumelelewa na kauli moja: dawa ya priklampsia, yaani presha ya ujauzito inayoweza kuleta kifafa cha mimba, ni kuzaa. Mama anafika presha imepanda hadi 160/110, kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli, mkojo una protini. Anachomwa magnesiamu asije akaangukia kifafa cha mimba, anapewa dawa za kushusha presha, mtoto anatolewa, na kondo la nyuma likishatoka wote tunashusha pumzi. Kwa wengi presha hurudi kawaida ndani ya wiki 12. Faili linafungwa.

Kauli hiyo ni ya kweli kwa mimba ile. Kwa mwenye mimba, si kweli yote.

Juzi nilikaa na mwenzangu wa wodi ya magonjwa ya ndani, muuguzi hodari ambaye mimi mwenyewe ningependa anihudumie nikiugua. Nikamuuliza: akija mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kifua kinabana, je, mnamuuliza mimba zake zilikwendaje? Akacheka. “Sista, hayo si mambo yenu ya wodi ya wazazi?” Wanamuuliza sigara, kisukari, chumvi, baba yake alikufa na nini. Mimba, hapana.

Simlaumu. Kwenye mafunzo yake priklampsia ilikaa katika somo la uzazi, na somo la uzazi huishia mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Lakini ushahidi si wa jana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha wanawake zaidi ya milioni 3, ulionyesha kwamba aliyewahi kupata priklampsia ana uwezekano wa kupata presha ya kudumu karibu mara 4 ya asiyewahi, na ugonjwa wa mishipa ya moyo na kiharusi karibu mara 2. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017 uliongeza moyo kushindwa kufanya kazi, nao ulikuwa karibu mara 4. Chama cha Moyo cha Marekani kiliitaja priklampsia miongoni mwa vihatarishi vya moyo kwa wanawake tangu mwaka 2011. Na hatari ni kubwa zaidi kwa waliougua mapema wakazaa njiti, au walioipata kwa zaidi ya mimba moja.

Kwa nini? Wapo wanaosema mishipa ya mama ilikuwa dhaifu tangu awali, na mimba, inayoulazimisha moyo kusukuma damu nyingi kuliko kawaida, imeufichua tu huo udhaifu. Wengine wanasema kondo lenye hitilafu humwaga kwenye damu vitu vinavyojeruhi utando wa ndani wa mishipa, na makovu yanabaki. Mimi naona yote mawili yana ukweli, na kitandani kwa mgonjwa ubishi huo haubadilishi cha kufanya.

Kinachonisumbua zaidi ni namna ya kumwambia mama. Ana kichanga kifuani, hajalala, ametoka kuponea chupuchupu, halafu mimi nimletee habari za moyo wa miaka ishirini ijayo? Mmoja aliniuliza, “Kwa hiyo sijapona?” Nilimjibu kwamba amepona mimba ile, na kwamba sasa ana habari kuhusu mwili wake ambazo wenzake wengi hawana. Kwa kijana hatari ya mshtuko wa moyo ni ndogo. Hata ikizidishwa mara 2 bado ni ndogo. Kutia watu hofu ni uvivu wa kueleza. Nikamwambia apime presha kila mwaka hata akijisikia mzima, aangalie uzito, asivute sigara, anyonyeshe akiweza, na akishika mimba nyingine awahi kliniki mapema, maana kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki 16.

Tatizo ni nani atakayempima huo mwaka ujao. Wiki ya sita mama analeta mtoto kuchanjwa: mtoto anapimwa uzito, anachomwa, anaandikiwa kwenye kadi. Mama amekaa palepale kwenye benchi na mkono wake, na mashine ya presha iko mezani. Mara nyingi hakuna anayemfunga mashine hiyo mkononi.

Siku hizi naandika priklampsia kwenye karatasi ya ruhusa kwa herufi kubwa, na wiki aliyougua, na maneno “apimwe presha kila mwaka”, kisha namwambia mama aonyeshe karatasi hiyo kwa daktari yeyote atakayemwona, hata akienda kwa ajili ya goti. Mwenzangu amekubali kuongeza swali la mimba kwenye maswali yao ya kupokea wagonjwa. Sharti lake ni kwamba niende kwenye kikao chao cha asubuhi, niwaeleze madaktari mwenyewe, na nisizidishe dakika kumi.